Redhawk au 629: rivolva ipi ya kuvaa kwenye mto wenye dubu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka minne hapa Alaska, nina makaratasi ya ukaazi wa kudumu, na kila kiangazi mimi na shemeji yangu tunakwenda kuvua samoni kwenye Mto Kenai na Russian River. Msimu uliopita dubu wa kahawia alituibukia kutoka vichakani, hatua kama ishirini tu, akatutazama, akachukua samaki wetu akaenda zake. Sasa nataka rivolva ya .44 Magnum. Nimebakiwa na mbili: Ruger Redhawk mpya ya mtutu wa inchi 4.2, na Smith & Wesson 629 ya inchi 4 iliyokwisha kutumika. Watu wa dukani wanasifu Redhawk, wanasema inakula risasi ya aina yoyote na haifi. Mimi nimezoea bastola ya milimita 9 tu. Nichukue ipi, niweke risasi gani, na nikishaipata niendelee kubeba kopo la pilipili, lile la kumpulizia dubu?

Marahaba, ndugu yangu. Chukua 629. Bastola ninayovaa mimi ni Redhawk, ninayo miaka mingi na siiuzi, na bado nakwambia chukua 629. Wale wa dukani hawakukudanganya hata neno moja. Wamekujibu ni bastola ipi itadumu zaidi, na jibu lao ni sahihi. Ila wewe huendi mtoni kushindana nani atachakaa wa mwisho. Unataka kujua mkono uliozoea milimita 9 utapiga risasi ya pili kwa bastola ipi, ikafika ilikotumwa.

Tuanze na dubu, maana ndiye anayepanga muda. Dubu wa kahawia akiamua kukimbia anafika kilomita 56 kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde. Huyo wenu wa hatua ishirini angebadili nia, mngekuwa na sekunde moja na kidogo. Hapo hakuna kuikoki nyundo kwa kidole gumba ili triga iwe laini. Ni kuchomoa, kuelekeza na kuvuta triga safari nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama Mungu amekupa nafasi, kuivuta tena. Kwa hiyo kila sifa ya rivolva ninayoitaja hapa chini naipima kwa kipimo hicho: mvuto mzima wa triga, mara mbili, mikono inatetemeka, miguu iko majini.

Smith & Wesson ndio waliotoa rivolva ya kwanza ya .44 Magnum, mwishoni mwa 1955, na baadaye ikapewa namba 29. 629 ni hiyohiyo 29 iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Fremu yake lakini haikubuniwa kwa ajili ya Magnum. Ni fremu kubwa ya kampuni, wanayoiita N, iliyoingia sokoni 1908 ikiwa imebeba .44 Special, risasi ambayo shinikizo lake ndani ya chemba halifiki hata nusu ya lile la Magnum. Ruger walipita njia nyingine. Waliiweka .44 Magnum mezani kwanza, wakachora chuma kuizunguka, na 1979 Redhawk ikatoka.

Tofauti hiyo unaweza kuiona kwa macho ukiomba wakufungulie silinda za zote mbili. Ya 629 inashikwa nyuma, katikati, na mbele inashikwa kwenye ncha ya fimbo ya kutolea maganda, huko chini ya mtutu. Ya Redhawk inashikwa nyuma vilevile, lakini mbele kinachojifunga ni ule mkono wa silinda wenyewe, kile kipande kinachoibeba silinda inapofunguliwa, unaoingia ndani ya fremu karibu kabisa na mahali mlipuko unapotokea. Cha kuchekesha ni kwamba ile N ya 1908 nayo ilikuwa na kufuli ya tatu hapohapo, Wamarekani wakaibandika jina la Triple Lock, na kampuni ikaiondoa 1915. Zaidi ya miaka sitini baadaye Ruger wakalirudisha wazo kwa sura yao.

Redhawk pia haina bamba la pembeni. Fremu ya 629 ina tundu upande wa kulia linalofunikwa kwa bamba na skrubu, ndipo fundi anapoingilia. Fremu ya Redhawk ni nzima pande zote mbili, na mitambo inaingizwa kutokea chini pamoja na kikingio cha triga. Ukizishika, unaona chuma kilikoongezwa: 629 ya inchi 4 ni kama kilo 1.18, Redhawk ya inchi 4.2 ni kama kilo 1.33, zote bila risasi.

Je, chuma hicho cha ziada kina kazi? Kinayo. Miaka ya 1980 washindani wanaopiga vibao vya chuma vya umbo la wanyama walizitumia sana 29 na 629, maelfu kwa maelfu ya risasi nzito, na zikaanza kuchoka. Tatizo lililowasumbua kuliko yote lilikuwa hili: teke la risasi liliifanya silinda ijifungue na kurudi nyuma nafasi moja. Unavuta triga tena, nyundo inaangukia ganda ambalo tayari limekwisha kupigwa. Kampuni ikaimarisha sehemu za ndani na kuongeza urefu wa vijitundu vya kufungia silinda, na mabadiliko hayo yakaenea kwenye 29 na 629 mwishoni mwa muongo huo. Likumbuke jambo hili, nitalirudia tukifika kwenye hiyo iliyotumika.

Sasa upande ambao dukani hawakuugusa. Redhawk ina springi moja inayofanya kazi mbili: inasukuma nyundo na inarudisha triga. Ni ubunifu mzuri, vipande vichache. Lakini kwenye kidole changu mvuto wake mzima ni mzito, na uzito unaongezeka kadiri unavyokaribia mwisho, kama kuvuta ndoo kisimani mtu mwingine akiiongezea maji. Watu hukimbilia kuweka springi laini. Ukilegeza springi hiyo umelegeza vyote viwili: nyundo inagonga fataki, kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, kwa unyonge, na triga inarudi kwa uvivu. Rivolva ya kulindia roho ambayo mara moja moja inagonga bila kulipua haina maana, kwa hiyo yangu nimeiacha na springi ya kiwandani na nimekifundisha kidole.

629 ina springi bapa kwa nyundo na springi nyingine ya duara kwa kurudisha triga. Mvuto wake ni sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwanafunzi aliyetoka kwenye milimita 9 anauzoea kwa wiki chache. Ina kasoro yake ndogo: mbele ya mpini, chini, pana skrubu moja inayokaza ile springi bapa. Iko wazi, inalegea yenyewe kwa mitetemo, na kuna watu huilegeza makusudi ili triga iwe nyepesi, halafu wanalalamika kwamba risasi hazilipuki. Iwe imekazwa hadi mwisho, basi. Mimi huitazama kila nikishika 629 ya mtu.

Twende kwenye teke, maana hapa namba zinasaidia. Nimepiga hesabu ya nguvu inayorudi mkononi, rivolva ikiwa imejaa risasi. Bastola yako ya milimita 9 inarudisha kama jouli 6 au 7. Redhawk ikiwa na risasi kamili ya greni 240 (uzito wa kile kinachoruka, kama gramu 15.5) inarudisha kama 20. 629 na risasi ileile, kama 23. Ukiweka kichwa cha greni 300 kilichosukumwa kwa nguvu zote, Redhawk inapanda hadi 27 hivi na 629 inagusa 30. Unaona mwenyewe: tofauti kati ya bastola hizi mbili ni ndogo, tofauti kati ya risasi na risasi ni kubwa zaidi, na tofauti kati ya unachokijua sasa na chochote kati ya hivi ni mara tatu au zaidi.

Kuna atakayekushauri uende kinyume kabisa, ununue ile 329PD ya kampuni hiyohiyo, yenye fremu ya aloi ya skandiamu na silinda ya titaniamu, gramu 710 tu. Kuivaa ni raha, unasahau kama unayo. Kwa hesabu ileile, risasi ya greni 240 inarudisha jouli karibu 35. Niliwahi kushika rivolva nyepesi ya namna hiyo na boksi la risasi za mtengenezaji mmoja nisiyemtaja. Risasi ya nne ilipolia, ya sita ilikuwa imejichomoa: ganda limerushwa nyuma na teke, kichwa kimebaki palepale kwa uzito wake, kikachungulia nje ya silinda kama ulimi wa mbuzi. Kichwa hicho kikagonga fremu, silinda ikakataa kuzunguka. Nilikuwa uwanja wa shabaha, nikacheka. Mtoni nisingecheka. Nzito zina tabu zake, lakini hilo hutokea mara chache sana ndani yake.

Kuhusu risasi, Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo, maana risasi ni madini, risasi ni kile kinachoruka, na risasi ni kitu kizima unachokitia kwenye chemba. Nikisema kichwa, nina maana ya kile kinachoruka. Kwa dubu usitumie vichwa vyenye shimo mbele, vile vya kujilinda na binadamu, vinavyochanua vikiingia. Dubu ana mafuta, misuli mizito na mifupa ya bega, na kichwa kinachochanua mapema kinaishia njiani. Unataka kichwa cha kusubu, cha madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni na bati ili kiwe kigumu, chenye pua bapa na pana. Kinakwenda mbele moja kwa moja, hakigeuki kirahisi, na pua bapa inakata badala ya kupenya kama sindano.

Uzito? Hapa ndipo sifa ya Redhawk inapokuwa mtego kwa mtu kama wewe. Ni kweli kuna watengenezaji wanaouza .44 Magnum za vichwa vya greni 300 na zaidi, zilizojazwa kupita kiasi cha kawaida, na kwenye boksi wameandika kwamba ni za bastola za Ruger tu. Nyingine ni ndefu hata silinda ya 629 haizimezi. Redhawk inazimeza bila kulalamika. Wewe je? Nimewaona wanaume wa miraba minne wakipiga tatu za namna hiyo, ya nne wanafumba macho kabla haijalia. Bastola inayovumilia kitu ambacho mkono wako haukivumilii haijakusaidia.

Weka kichwa cha kusubu cha greni 240 hadi 255, yaani gramu 15.5 hadi 16.5, kinachotoka mtutu wa inchi 4 kwa mita 340 hadi 380 kwa sekunde. Hiyo ni kama jouli 900 hadi 1,190 mdomoni mwa mtutu, karibu maradufu ya 9 yako au zaidi, na ukichukua ya upande wa chini wa kasi hiyo, teke la 629 linashuka hadi jouli 17 au 18. Kwa kupenya kwa kichwa cha namna hiyo, sina wasiwasi. Kwa upeo huo wa risasi 629 ya kisasa itakuzika na kurithiwa na mwanao, kwa hiyo ule ugumu wa ziada wa Redhawk utakuwa umeubeba bure, gramu 150 kila hatua, pamoja na triga nzito.

Ningesema tofauti kama ungekuwa mwindaji mwenye miaka kumi ya .44, au unataka vichwa vizito, au mkono wako ni mkubwa. Ningekwambia Redhawk bila kufikiri mara mbili. Mkono ni jambo la kupima dukani kwa dakika moja: shika mpini kama utakavyoshika ukiogopa, kidole kwenye triga, bastola tupu na umehakikisha. Kama pingili ya kwanza ya kidole haifiki katikati ya triga bila kuuzungusha mpini kiganjani, bastola hiyo si yako, hata iwe na sifa gani.

Mengine ambayo watu hubishania kwa saa nzima nayapita haraka. Zote mbili zinabeba risasi sita, na zote zina kinga ya ndani inayozuia nyundo kugonga fataki usipovuta triga, kwa hiyo jaza chemba zote sita bila hofu. Ule utamaduni wa kuacha moja tupu ni wa rivolva za zamani za kukoki. Kitufe cha silinda, Smith unasukuma mbele, Ruger unabonyeza ndani, utazoea. Usahihi wa shabaha unatosha kwenye zote kuliko wewe na mimi.

Namna ya kuivaa ina uzito kuliko hayo yote. Mvuvi anaingia majini hadi kiunoni, amevaa suruali ya mpira hadi kifuani, mgongoni ana begi lenye mkanda wa kiuno. Bastola ya nyongani hapo iko chini ya maji au chini ya mkanda. Nunua ala ya kifuani, ya ngozi au ya plastiki ngumu, iliyokatwa kwa bastola hiyohiyo na si ya kukadiria, ikae kwa mshazari chini ya kifua upande wa mkono wa kushoto ili mkono wa kulia uifikie umesimama, umekaa au umeangushwa chali. Jaribu kuichomoa ukiwa umevaa vazi lote la mtoni, fimbo ya kuvulia mkononi, bastola tupu. Wengi hugundua siku hiyo kwamba hawakuamua waifanyie nini fimbo. Iachie ianguke. Ni fimbo tu.

Na kopo la pilipili? Endelea kulibeba, tena libebe wewe na alibebe shemeji. Watafiti wa dubu Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchambuzi wa matukio ya Alaska mara mbili. Wa 2008 ulihusu pilipili: kwa dubu wa kahawia ilikomesha tabia waliyoihofia watu katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya waliokuwa nayo kwenye makabiliano ya karibu hawakuumia. Wa 2012 ulihusu silaha za moto, matukio 269 kuanzia 1883 hadi 2009: bastola zilifaulu kwa asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76, na katika kuumia hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliofyatua silaha zao na wasiofyatua. Mashabiki wa kila upande huzichukua asilimia hizo na kupigana nazo. Si haki kuzilinganisha hivyo, maana sehemu kubwa ya dubu waliopuliziwa pilipili walikuwa wadadisi au wenye tamaa ya chakula, hawakuwa wameshakuja kwa kasi. Lakini soma tena hadithi yako mwenyewe: dubu aliyesimama, akatazama, akataka samaki. Huyo ni mteja wa pilipili. Ungemfyatulia .44 ungekuwa umemjeruhi mnyama wa kilo mamia aliyekuwa anaondoka, kwenye mto uliojaa wavuvi ng'ambo ya pili. Kichwa cha kusubu kikipita pembeni ya dubu hakisimami kwenye maji, kinaruka juu yake kama kijiwe kilichorushwa na mtoto.

Pilipili ina mipaka yake: inafika kama mita tisa, upepo ukikuelekea unaila wewe, na kopo lina tarehe ya kuisha. Mkigawana, mmoja pilipili mkononi na mwingine mkono kwenye bastola, mna jibu kwa dubu wa aina zote mbili. Mkubaliane nyumbani nani ni nani.

Sheria, kwa ufupi lakini usiruke. Kwa kuwa una ukaazi wa kudumu, kumiliki bastola unaruhusiwa kama raia. Nalisema hili kwa ajili ya wasomaji wengine: mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza kushika hata risasi moja, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Usimwachie rafiki wa namna hiyo bastola yako "ashike kidogo". Alaska yenyewe haidai kibali cha kuvaa silaha kwa mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki. Ukiendesha gari kwenda au kutoka majimbo mengine utapita Kanada, na Kanada bastola haipiti kwa sababu ya dubu. Itafutie njia nyingine. Na ukimuua dubu kwa kujilinda, hawi wako: utachuna ngozi na kucha zake, utatoa na fuvu, utavikabidhi kwa serikali ya jimbo pamoja na ripoti ya maandishi ndani ya siku 15. Wakiona ulimvutia mwenyewe kwa samaki au takataka ulizoziacha ovyo, kujilinda hakutakutetea.

Mazoezi yako yaanze na .44 Special. Inaingia kwenye chemba ya Magnum kwa sababu ganda lake ni fupi, teke ni la kiungwana. Angalizo moja: ufupi huo unaacha pete ya masizi ndani ya chemba, mbele ya pale ganda linapoishia. Ukipiga Special hamsini halafu ukajaribu Magnum, inakwama ikiwa bado nusu milimita nje, na silinda haifungi. Brashi ya shaba, mizunguko michache kila chemba, kabla ya kurudi mtoni. Na ukitoa maganda, elekeza mtutu juu, upige fimbo mara moja kwa nguvu. Ukielekeza chini, chembe za baruti isiyoungua zinadondokea chini ya ile nyota ya kutolea maganda, nyota haikai vizuri, na silinda inakuwa nzito kuzungusha. Chembe moja ndogo kama punje ya chumvi inatosha.

Kisha fanya zoezi ambalo wanafunzi wangu hawalipendi. Mpe shemeji bastola ageuze mgongo, aweke risasi tatu na maganda matupu matatu bila mpangilio, afunge, akupe. Vuta triga mvuto mzima, tazama kilengeo cha mbele. Nyundo ikiangukia ganda tupu na mtutu ukainama mbele, hiyo ni hofu yako unaiona kwa macho. Siku mtutu utakapotulia kwenye maganda yote matatu, ndipo uongeze nguvu ya risasi. Masikio yafunikwe mara mbili, ya kuziba ndani na ya kufunika juu, mlio wa .44 Magnum uko juu sana ya desibeli 140 zinazoumiza sikio kwa mlio mmoja. Nyumbani, fyatua kavu kila jioni dakika tano, risasi zikiwa chumba kingine.

Mwisho ni hiyo 629 iliyotumika. Fungua silinda, tazama kwenye fremu pale panapofichwa na mkono wa silinda: pameandikwa 629, pengine na kistari na namba mbele. Isiyo na kistari, na zile za kistari 1, ni za kabla ya maimarisho niliyokutajia. Hazifai kuchekwa, kwa risasi nilizokushauri zinaishi, lakini bei yake iwe ya chini na usije ukazitia vichwa vizito. Shika fimbo ya kutolea maganda uone kama inajifungua kwa vidole. Ikilegea na kurefuka, silinda haitafunguka ukiwa unaihitaji. Funga silinda, uisukume mbele na nyuma, isicheze. Tazama mwanga kati ya silinda na mtutu: upana wa milimita 0.10 hadi 0.25 ni wa kawaida. Ule mchirizi uliochimbika kwenye fremu juu ya pengo hilo usikutishe, moto huchimba kidogo halafu unaishia hapo. Kinachotakiwa kukutisha ni ufa kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu.

Halafu omba ruhusa, hakikisha ni tupu, weka kidole kwenye silinda ukiiburuza kidogo kama breki, na uikoki nyundo polepole sana. Kabla nyundo haijashika mwisho, lazima usikie silinda ikijifunga: tik. Fanya hivyo chemba zote sita, moja moja, maana mara nyingi tano zinafunga na moja inachelewa. Ikichelewa hata hiyo moja, mrudishie mwenye duka kwa heshima, mwambie umeghairi, na usubiri 629 nyingine. Msimu wa samoni bado.